Vidonge vya majira kwa chunusi: usivihukumu kabla ya pakiti ya tatu

Kazi yangu ni kusuka. Saluni yangu iko Igoma, hapa Mwanza, chumba kimoja chenye vioo viwili na viti vitatu, na mteja wa rasta anakaa mbele yangu saa nne mpaka sita. Muda wote huo hakuna pa kutazama isipokuwa kwenye kioo. Mimi naona uso wake, yeye anaona wangu. Na kwa karibu miaka mitatu wangu ulikuwa na vya kutazamwa: mapele makubwa ya ndani kwa ndani kwenye taya zote mbili, mengine yakishuka hadi shingoni, ukiyagusa yanauma kama jipu linalotaka kuiva. Wateja wenye mdomo waliniuliza, "Dada, hizo chunusi hujapata dawa tu?" Wasio na mdomo walitazama, kisha wakarudisha macho kwenye simu. Hao ndio walionimaliza.

Nilikuwa na miaka 27, mwanangu keshaanza kukimbia. Nilikuwa nadhani chunusi ni mambo ya mabinti wa sekondari. Mteja wangu mmoja mwenyeji wa Tanga aliwahi kuniambia kwamba kwao chunusi ni jina la jini wa majini pia, yule anayewavuta waogeleaji chini. Nikamwambia basi wangu amechoka na bahari, amehamia Ziwa Victoria na kupanga chumba kidevuni kwangu.

Kilichonisaidia ni vidonge vya majira, hivi hivi vya uzazi wa mpango. Kila wiki kuna anayeniuliza nilifanyaje, na kila wiki naeleza nusu nusu huku nimeshika kitana, kwa hiyo naandika yote mara moja. Mimi si nesi. Haya nilifundishwa na nesi wa kliniki na daktari wa ngozi, mengine nimeyapitia mwenyewe, na baadhi niliyapitia kwa ujinga wangu.

Kwanza angalia zimekaa wapi

Si kila chunusi inahitaji kidonge. Nyingi ninazoziona kwenye kiti changu hazihitaji.

Kuna vipele vidogo vidogo vya paji la uso, vimejipanga pembezoni mwa nywele na kuzunguka masikio. Hapo nauliza swali moja tu: unapaka mafuta gani kichwani? Mara nyingi ni mafuta mazito ya kopo, au jeli ya kulazia nywele za mbele, vinayeyuka na jua na kuteremka usoni. Huyo namwambia apake kwenye ngozi ya kichwa peke yake, asiguse ukingo wa nywele, na kitambaa anacholalia akifue. Mwezi mmoja na nusu baadaye anarudi paji limetulia. Angemeza homoni kwa ajili ya hilo, angekuwa anamwaga ndoo kuzima kibatari.

Kuna wa mkorogo. Uso umekuwa mweupe, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na chunusi zote zina ukubwa mmoja kana kwamba zimegongwa muhuri. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali ndani (dawa za kutuliza uvimbe), betamethasoni au klobetasoli, hata kama kopo halisemi. Nawasema kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwanamke aliyekuwa akipitisha bidhaa saluni aliniuzia kikopo, na kwa wiki tatu uso wangu ulikuwa laini kama yai lililomenywa. Mwezi wa tatu ngozi ikawa nyembamba, jua la saa sita linaunguza kama pilipili, na chunusi zikarudi na ndugu zao. Nikiacha siku mbili uso unawaka, nikipaka unatulia. Ukiwa kwenye hali hiyo, nenda kwa daktari wa ngozi akutoe polepole. Kidonge hakishindani na kitu ambacho wewe unaendelea kukipaka kila usiku.

Halafu kuna chunusi kama zangu: taya, kidevu, shingo, kubwa, za ndani, zinaumuka wiki moja kabla ya hedhi na kutulia kidogo siku zikiisha. Zinampata mwanamke mzima, na dawa za kupaka zinazigusa juu juu tu. Hizo ndizo homoni zina mkono mkubwa ndani yake, na hapo kidonge kina kazi.

Jambo moja usilipite. Kama pamoja na chunusi hedhi inapotea miezi miwili mitatu, ndevu zinaota kidevuni, au nywele za utosini zinapungua (na msusi huliona hili kabla yako), mwambie daktari yote kwa pamoja. Inaweza kuwa ni ule ugonjwa wa ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi, kuwa na vifuko vingi. Vidonge huwa ni sehemu ya tiba yake, lakini uchunguzi unatangulia.

Dagaa na matenga

Mwili wa mwanamke hutengeneza homoni za kiume pia, kidogo, kwenye ovari na kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Homoni hizo zinaziamuru tezi za ngozi zitoe mafuta. Mafuta yakizidi yanachanganyika na seli zilizokufa, kitundu cha kinyweleo kinaziba, bakteria wanashamiri humo ndani, ngozi inavimba.

Kidonge chenye vichocheo viwili, yaani homoni za estrojeni na projestini, kinaingia kwa milango miwili. Kinazituliza ovari zitengeneze homoni za kiume kidogo. Na ile estrojeni inalifanya ini litoe kwa wingi protini inayozikamata homoni za kiume zinazozurura kwenye damu. Nesi wangu, mama mtu mzima, alinieleza kwa lugha ya soko la Mwaloni: "Dagaa wamemwagika chini, wanatapakaa kila mahali. Ini linaleta matenga. Dagaa aliye ndani ya tenga hasumbui mtu."

Shika hayo maneno, vichocheo viwili, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotea. Sindano ya miezi mitatu ina projestini peke yake. Kijiti cha mkononi, projestini peke yake. Vidonge wanavyopewa mama wanaonyonyesha, vilevile. Zote ni njia nzuri za kupanga uzazi, ila hazina estrojeni ya kuleta matenga, na kwa baadhi yetu zinazidisha chunusi. Mimi nilikuwa kwenye sindano mwaka mzima nikilaumu sangara na karanga.

Nilipoambiwa na shoga yangu kwamba vidonge vinasaidia, nilikwenda jioni kwenye duka la dawa, foleni iko nyuma yangu, nikainama dirishani nikanong'ona, "Naomba vidonge vya majira." Kijana hakuuliza neno na mimi sikutaka aulize. Akachomoa pakiti, akaizungushia gazeti, nikalipa nikaondoka mbio kana kwamba nimeiba. Vidonge vyote vilikuwa rangi moja, hakuna vya rangi nyingine mwishoni. Nilivimeza miezi miwili, uso ukazidi kuharibika. Kumbe nilikuwa nimeuziwa vya mama anayenyonyesha. Lawama nagawana naye nusu kwa nusu: hakuuliza, na mimi nilinong'ona.

Kwa hiyo soma boksi. Lazima uone majina mawili ya dawa, na mojawapo liwe ethinylestradiol. Ukiona jina moja tu, siyo chenyewe. Microgynon, ambayo wengi tunaifahamu kutoka kliniki, ina levonorgestrel miligramu 0.15 na ethinylestradiol miligramu 0.03; pakiti ya vidonge 28 ina 21 vyenye vichocheo na 7 vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu.

Utasikia kwamba kwa chunusi ni lazima ununue vile vya bei kubwa, vyenye drospirenone na jamaa zake, yaani projestini za aina nyingine. Mteja wangu mmoja anasomea udaktari pale Bugando, na siku moja nikimsuka alinisomea kwenye simu uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya majaribio ya tiba. Ulikusanya majaribio 31 yenye wanawake 12,579. Vidonge vya vichocheo viwili vilipunguza chunusi kuliko vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani, na tofauti kati ya aina moja na nyingine hazikuwa kubwa. Nilianza na vya kliniki, nikabaki navyo. Vyenye drospirenone vinahitaji uangalifu kwa mwenye shida ya figo au anayetumia dawa fulani za presha, kwa sababu vinaweza kupandisha potasiamu mwilini. Vyenye cyproterone vina nguvu kwa chunusi, ila hatari ya damu kuganda ni kubwa zaidi, hivyo mwachie daktari akuamulie.

Kliniki

Vidonge vya uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure. Nilifika kituo cha afya saa moja na nusu asubuhi, nikakaa benchi moja na wajawazito, mimi peke yangu sina tumbo wala mtoto mgongoni. Zamu yangu ilipofika:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tukusaidie nini?"

"Nataka vidonge vya chunusi."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Vya chunusi hatuna. Tuna vya uzazi wa mpango, ambavyo vinatibu na chunusi. Kaa hapo, nyoosha mkono tupime presha."

Usikubali kuanza bila kipimo hicho. Ni mkanda wa mkononi, dakika mbili, na ndicho kinachoamua. Yangu ilisoma 118 kwa 76. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, kidonge chenye estrojeni si chako, na nesi atakutafutia njia nyingine.

Kisha yakaja maswali, na hapa naomba useme ukweli hata kama shangazi yako ndiye nesi wa zamu. Unavuta sigara, na una miaka 35 au zaidi? Umewahi kupata damu kuganda mguuni au kifuani, kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya titi? Una kisukari cha muda mrefu kilichogusa macho au figo? Unaumwa kipandauso, na kabla kichwa hakijaanza unaona vimulimuli au mistari inayocheza? Hilo la vimulimuli sikujua kama lina maana yoyote, kumbe lina uzito mkubwa, kwa sababu mwenye nalo akimeza estrojeni hatari ya kiharusi inapanda. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linafunga mlango wa kidonge hiki. Mama aliyejifungua na ananyonyesha naye asubiri, miezi sita ya mwanzo si wakati wake.

Akaniuliza nimekulia wapi. Nikamwambia Ukerewe. Akanilaza kitandani akanibonyeza tumbo upande wa kulia na wa kushoto. "Mtu wa visiwani namuuliza kichocho," alisema. Kichocho chenyewe hakikuzuii kumeza vidonge, lakini kile cha tumbo kikikaa miaka kinaumiza ini, na ini lililoharibika vibaya halipewi estrojeni. Kama ulikuwa unaoga na kufua ziwani utotoni na hujawahi kumeza dawa yake, lisemee hapo hapo. Mwenye selimundu pia ajitaje, aamue pamoja na daktari anayemhudumia.

Taja kila dawa unayomeza. Rifampisini ya kifua kikuu inapunguza nguvu ya vidonge, na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, zinafanya hivyo hivyo. Kwa dawa za VVU inategemea ni zipi, kwa hiyo mwonyeshe nesi kopo lenyewe.

Kuhusu damu kuganda, kwa sababu ndilo linalotisha watu. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, kwa mwaka kati ya 1 na 5 hupata donge la damu kwenye mshipa. Wanaotumia ni kati ya 3 na 9. Wajawazito ni kati ya 5 na 20, na wiki 12 za kwanza baada ya kujifungua hatari hiyo ni kubwa kuliko zote. Hatari ipo, ni ndogo, na maswali ya nesi ni kwa ajili ya kuwachuja wale ambao kwao si ndogo.

Kumeza

Ukianza ndani ya siku tano za kwanza za hedhi, kinga ya mimba inaanza mara moja. Ukianza siku nyingine, tumia kondomu siku saba. Na kondomu zina kazi yao siku zote, kwa sababu kidonge hakizuii VVU wala kaswende.

Meza kimoja kila siku, muda ule ule. Mimi nilichagua taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa kuwa nyumbani kwetu hiyo haipiti bila kusikilizwa. Ile ngoma ikilia, mkono unakwenda kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Usiku ni bora pia kwa sababu ya kichefuchefu: ukimeza umeshiba ugali, unalala nacho. Saluni nisingeweza, asubuhi mteja wa kwanza anafika sijafungua hata dirisha.

Ukitapika ndani ya saa mbili, meza kingine. Ukisahau kimoja, meza ukikumbuka, hata kama maana yake ni viwili kwa siku moja, endelea. Ukikosa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea kila siku, na tumia kondomu siku saba. Kama imekutokea wiki ya tatu, maliza vya vichocheo, vya kahawia viruke, fungua pakiti mpya kesho yake. Kama ni wiki ya kwanza na ulikutana na mwenzio bila kondomu siku hizo, rudi kliniki haraka uulizie kidonge cha dharura.

Hayo niliyajua kwa vitendo. Pakiti ya pili, nilipigiwa simu ya msiba usiku, alfajiri nikapanda meli ya Nansio, kwetu Ukerewe, na khanga mbili na begi la mtoto. Bati la biskuti lilibaki Igoma juu ya kabati. Siku tatu. Niliporudi nilimeza kimoja nikiwa bado na vumbi la safari, na mume wangu nikamweleza habari ya kondomu za siku saba. Alinung'unika kidogo, akaenda dukani. Tangu hapo pakiti inalala kwenye mkoba wangu, mfuko wa ndani wenye zipu, pamoja na kitambulisho.

Miezi ya kungoja

Hapa ndipo wengi wanaacha, na wakiacha wanatangaza kwamba vidonge havifanyi kazi.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua, nilisimama mlangoni mwa saluni, mwanga wa upande wa kushoto, nikapiga picha taya moja na ya pili. Bila poda. Halafu nikahesabu mapele ya ndani ya taya la kushoto peke yake na kuandika kwenye daftari la madeni ya wateja. Siku ya kuanza: 11. Mwisho wa pakiti ya kwanza: 13. Ndiyo, yaliongezeka. Matiti yaliuma kama ya mjamzito na matone ya damu yalitoka katikati ya mwezi, ambayo nesi alikuwa ameshanitahadharisha. Pakiti ya pili: 10. Nilikaribia kuitupa choo cha shimo. Nilirudi kliniki kulalamika, yule mama akanitazama tu: "Ngozi yako imeharibika miaka mitatu, unaidai miezi miwili?"

Pakiti ya tatu: 6, na jambo jipya, wiki ile ya kabla ya hedhi ilipita bila pele kubwa. Pakiti ya nne sikuhesabu, tulikuwa na msimu wa sikukuu. Ya sita: 2.

Kwa hiyo jipe miezi mitatu kuona dalili, sita kuona kazi yenyewe. Daktari wa ngozi aliniambia kwamba antibayotiki za kumeza zinawahi, zinaonekana mbele kwa miezi mitatu, ila ikifika ya sita zinalingana na vidonge, na hazitakiwi kumezwa muda mrefu. Ndiyo maana wengine anawaanzishia vyote viwili, kisha antibayotiki inaondoka. Doksisaiklini, mojawapo ya antibayotiki hizo, haiharibu kinga ya kidonge.

Madoa meusi yaliyoachwa na chunusi za zamani, kidonge hakiyafuti. Kinazuia mapya. Sisi wenye ngozi nyeusi doa linaweza kukaa miezi mingi baada ya pele kuondoka, na mtu akitazama kwa mbali atasema bado una chunusi. Hesabu uvimbe, usihesabu rangi. Na kama yatatokea mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, hayo yanaweza kuletwa na estrojeni ikisaidiwa na jua letu hili linaloakisiwa na maji. Kofia, mwavuli na krimu ya kukinga jua, na umwambie nesi.

Kando ya kidonge niliosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato, usiku nikapaka dawa ya benzoili peroksaidi, tabaka jembamba kabisa (inachujua rangi ya foronya, nimepoteza mbili nzuri za maua), na nikaacha kubinya. Kuacha kubinya kulikuwa kugumu kuliko kuacha sukari kwenye chai.

Dalili za kukimbia nazo hospitali

Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Maumivu makali ya kifua, au pumzi kukata ghafla. Kichwa kuuma kwa namna ambayo hujawahi kuumwa, macho kuona giza, maneno kukwama mdomoni, upande mmoja kufa ganzi. Tumbo kuuma vibaya, macho kuwa ya njano. Acha kidonge, usingoje kesho, wala usipitie kwa jirani kuomba ushauri. Sekou Toure, Bugando, kituo chochote kilicho karibu, na ukifika sema wazi kwamba unameza vidonge vya majira. Ukipangiwa upasuaji mkubwa utakaokulaza, wataarifu mapema pia.

Maneno ya watu

Mama mkwe aliiona pakiti siku moja nikitafuta chenji ya daladala. Hakusema kwangu, alisema kwa dada zake. Nikaambiwa vidonge vinarundikana tumboni kama kokoto, nikaambiwa kizazi kitakauka. Kidonge kinayeyuka tumboni kama Panadol, na ukiacha, uwezo wa kushika mimba unarudi bila kuchelewa. Nilimfuata nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu", nikakaa chini, nikamwonyesha picha za Jumatatu moja baada ya nyingine. Alizitazama kimya, akarudi kwenye ya kwanza, akasema, "Ulikuwa unaumwa hivi na hukuniambia?" Habari ya kokoto ikaishia hapo.

Binti asiyeolewa mambo yake ni magumu zaidi, pakiti ikionekana inasomwa kama tangazo. Aliye chini ya umri wa kujitegemea nisingemshauri amezee chumbani kwa siri. Amwambie mama au dada mkubwa, aende naye kliniki, na chunusi zilizo usoni ndizo zimtetee.

Ukitaka kuacha

Kidonge kinazituliza homoni wakati unakimeza tu. Wengine wakiacha ngozi inabaki tulivu, wengine chunusi zinarudi baada ya miezi kadhaa. Maliza pakiti uliyoanza, usikate katikati, hedhi isije ikavurugika bure. Kama unaacha kwa sababu ya kutafuta mtoto, mweleze daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa dawa nyingi za chunusi hazitakiwi kwa mjamzito: tretinoini, adapalini, doksisaiklini, na zaidi ya zote isotretinoini, ambayo inalemaza mtoto tumboni. Asidi ya azelaiki ya kupaka inaruhusiwa.

Nalijua hilo kwa sababu nimeliuliza juzi. Mwanangu anaanza darasa la kwanza na ameshaomba mdogo wake mara tatu. Pakiti niliyonayo mkobani ni ya ishirini na mbili, imebakiza vidonge tisa, saba kati ya hivyo vya kahawia. Daftari la madeni nimelifungua ukurasa mpya.